Kodi yako ya Arizona inaweza kulisha jirani: jinsi ya kutumia krediti ya michango kwa mashirika ya hisani

Kuanzia mwishoni mwa Januari, W-2 (fomu za mwajiri zinazoonyesha mshahara na makato ya mwaka) zinapoanza kufika kwenye masanduku ya barua, simu yangu haipumziki. Ndugu wa Phoenix, wa Glendale na hata wa Tucson wananiuliza swali lile lile: "Ni kweli ukilipa shirika linalosaidia maskini, jimbo linakurudishia hela yote?" Jibu ni ndiyo, ila kwa masharti. Moja kati ya masharti hayo limewaumiza watu wengi ninaowafahamu, kwa hiyo nitalikalia kuliko mengine: krediti hii hula kodi unayodaiwa na jimbo tu. Usipodaiwa, haina cha kula.

Tuanze na neno lenyewe, maana hapo ndipo watu wanapochanganya. Kuna kipunguzo na kuna krediti. Kipunguzo kinashusha mapato yatakayopigiwa hesabu ya kodi. Arizona, tangu mwaka 2023, inatoza kila mtu asilimia 2.5 ya mapato yanayotozwa kodi, tajiri kwa maskini. Ukipata kipunguzo cha dola 400, umeokoa dola 10 za kodi ya jimbo. Krediti ni kitu kingine kabisa: inakwenda kwenye kodi yenyewe. Ukitoa dola 400 kwa shirika linalotambuliwa, dola 400 zinafutwa kwenye deni lako la kodi ya jimbo. Kwa maneno mengine, zile hela ungezilipa Idara ya Mapato ya Arizona, na sheria inakuruhusu uzipeleke wewe mwenyewe kwa wanaogawa chakula, wanaolaza watu wasio na makazi, au wanaomlipia mama bili ya umeme mwezi wa Julai.

Hilo la umeme silitaji kama pambo. Mwaka 2023 Phoenix ilikaa siku 31 mfululizo joto likifika au kupita nyuzi 110 za Fahrenheit, yaani zaidi ya 43 za Selsiasi, na kaunti ya Maricopa ilihesabu vifo 645 vinavyohusiana na joto mwaka huo. Nyumba isiyo na kiyoyozi hapa si ya kuvumilia, ni ya kukimbia. Mashirika yanayosaidia familia kwenye bili, maji na mahali pa kupoa yanaendeshwa kwa michango kama hii tunayoizungumzia.

Hatua ya 1: Hakikisha unalipa kodi ya Arizona

Krediti hii ni ya Arizona na inafanya kazi kwenye ritani ya Arizona tu, yaani fomu ya kodi unayoijaza kila mwaka, iwe umekaa huku mwaka mzima au sehemu ya mwaka. Ndugu yako aliyeko Houston hawezi kuitumia kwa mshahara wake wa Texas, kwa sababu Texas haitozi kodi ya mapato ya mtu binafsi. Hakuna deni la kufuta. Na huku Arizona krediti ni ya mtu binafsi, si ya kampuni. Kama una kampuni ya usafi au ya kubeba mizigo na umezoea kulipa kila kitu kwa akaunti ya biashara, mchango huu utoe kwa kadi au hundi yako mwenyewe.

Hatua ya 2: Piga hesabu ya kodi yako kabla ya kutoa hata senti

Hapa nakuomba utulie na kalamu.

Watu wengi huangalia W-2, wanaona jimbo limekata dola 1,000, wanasema "hiyo ndiyo kodi yangu." Hapana. Hayo ni makato ya mshahara, makadirio tu. Ulipoanza kazi ulijaza fomu inayoitwa A-4 na kuchagua asilimia ya kukatwa, kuanzia 0.5 hadi 3.5. Usipoijaza, mwajiri anakukata asilimia 2. Kodi yako halisi inajulikana ritani inapokamilika, na mara nyingi ni ndogo kuliko makato.

Chukua mfano wa kijana asiye na mke wala mtoto, anafanya kazi bohari, kwa mwaka 2024 alipata dola 40,000. Kipunguzo cha kawaida, yaani kile unachopata bila kuorodhesha matumizi yako, mwaka huo kwa mtu kama yeye kilikuwa dola 14,600. Zinabaki 25,400. Asilimia 2.5 yake ni dola 635. Hiyo ndiyo kodi yake. Mwaka huo kikomo cha krediti kwake kilikuwa dola 470. Akitoa zote 470, kodi inashuka hadi dola 165. Kama mwajiri alimkata asilimia 2, yaani dola 800, bila mchango angerudishiwa 165. Kwa mchango anarudishiwa 635. Dola 470 alizotoa zimerudi zote, na familia kadhaa zimekula.

Sasa chukua mfano wa pili, unaofanana na nyumba zetu nyingi. Baba na mama wanajaza ritani pamoja, watoto watatu wote chini ya miaka 17, mishahara yao kwa pamoja dola 52,000 mwaka huo huo. Kipunguzo chao ni dola 29,200. Zinabaki 22,800, na asilimia 2.5 yake ni dola 570. Lakini bado hatujamaliza: Arizona inawapa wazazi krediti ya wategemezi, dola 100 kwa kila mtoto aliye chini ya miaka 17 na dola 25 kwa mtegemezi aliyefikisha miaka hiyo au zaidi. Watoto watatu wanafuta dola 300. Kodi iliyobaki ni dola 270.

Kikomo cha wanandoa kwa mwaka 2024 kilikuwa dola 938. Wakisikia mtu anasema "toeni 938, mtarudishiwa zote," wakatoa, nini kitatokea? Dola 270 zitafuta kodi yao yote. Dola 668 zilizobaki hazitarudi mwaka huo. Jimbo halikupi krediti hii kama hela taslimu. Linakuruhusu tu kuibeba salio hadi miaka mitano inayofuata. Ikiwa mwakani kodi yao itakuwa tena kama 270, salio hilo litawachukua zaidi ya miaka miwili kumalizika, na kwa miaka miwili ya kwanza mchango mpya hautawapunguzia chochote.

Sisemi wasitoe. Anayetaka kutoa 938 kwa ajili ya Mungu na jirani yake, atoe na Mungu amzidishie. Lakini nimeona mama ametoa hela ya pango la nyumba akiamini itarudi mwezi wa Machi, na haikurudi. Aliyemshauri hakumpigia hesabu hii. Ni dakika tano tu za kazi, na zingemwepusha na wiki za kukopa kwa majirani.

Kanuni ya kushika: mchango unaorudi mwaka huu hauzidi kodi yako iliyobaki baada ya krediti ya watoto.

Hatua ya 3: Jua vikomo vya mwaka

Kuna makundi mawili ya mashirika, na kila kundi lina kikomo chake. La kwanza ni mashirika yanayosaidia watu wenye kipato kidogo na watu wenye maradhi sugu au ulemavu. Kwenye karatasi za jimbo utaona herufi QCO. La pili ni mashirika yanayohudumia watoto walio chini ya uangalizi wa jimbo wanaolelewa na familia za kuwahifadhi, yale tunayoita malezi ya kambo. Herufi zake ni QFCO.

Kwa mwaka wa kodi 2025, kundi la kwanza lina kikomo cha dola 495 kwa asiye na ndoa na kwa mkuu wa kaya, na dola 987 kwa wanandoa wanaojaza pamoja. Kundi la pili ni dola 618 na dola 1,234. Unaweza kutumia yote mawili kwa mwaka mmoja. Wanandoa wanaojaza kila mmoja ritani yake wanagawana nusu kwa nusu. Vikomo hivi vinapanda kufuatana na gharama za maisha, kwa hiyo usitumie namba ya mwaka jana kwa mazoea. Tazama ya mwaka unaoujazia kwenye tovuti ya Idara ya Mapato, azdor.gov.

Kufuta dola 2,221, yaani jumla ya vikomo vyote viwili vya wanandoa, kunahitaji mapato yanayotozwa kodi ya dola 88,840. Wachache wetu wapo hapo. Ndiyo maana nimeweka hesabu mbele ya vikomo.

Na kabla sijasahau, maana hili linawagusa wazazi moja kwa moja: ipo krediti nyingine ya shule za umma, zikiwemo zile za mkataba (charter), dola 200 kwa mtu mmoja na 400 kwa wanandoa. Ada unayolipa shuleni ili mwanao acheze mpira au apige tarumbeta kwenye bendi ya shule inaweza kuhesabiwa humo, kwenye Fomu 322. Wazazi wengi wanailipa kila mwaka na risiti wanaitupa. Tafuta risiti hiyo kwanza. Kama imeshafuta sehemu ya kodi yako, mchango wa hisani utatakiwa kuwa mdogo zaidi.

Hatua ya 4: Chagua shirika lililo kwenye orodha

Si kila shirika jema linatambuliwa. Ili liingie kwenye kundi la QCO, ni lazima litumie angalau nusu ya bajeti yake kwa huduma za mahitaji ya msingi kwa wakazi wa Arizona wanaopokea TANF, yaani msaada wa fedha wa serikali kwa familia maskini, au ambao kipato cha kaya yao hakifiki asilimia 150 ya mstari wa umaskini wa serikali kuu, au wenye maradhi sugu au ulemavu. Mahitaji ya msingi ni chakula, malazi, nguo, matibabu, malezi ya watoto wadogo, mafunzo ya kazi na mengine ya namna hiyo.

Idara ya Mapato hutoa orodha kila mwaka, na kila shirika lina namba yake ya tarakimu tano. Ingia azdor.gov, tafuta ukurasa wa krediti, fungua orodha ya mwaka unaotoa mchango, kisha tafuta jina. Andika namba. Bila namba hiyo huwezi kujaza fomu ipasavyo.

Kama huna shirika moyoni, St. Mary's Food Bank ya Phoenix ipo. Ilianzishwa mwaka 1967 na John van Hengel, na ndiyo benki ya chakula ya kwanza duniani. Zote zilizofuata zimejifunza kwake. Wakazi wa Tucson wana Community Food Bank of Southern Arizona. Wengi wetu tulipofika tukiwa wakimbizi, unga na maharage ya wiki za kwanza yalitoka mikononi mwa watu wa namna hii, kwa hiyo ukitoa leo unamwekea boksi anayeshuka uwanja wa ndege kesho.

Sasa yale yasiyohesabiwa, na hapa naomba tusikilizane. Fungu la kumi kanisani halihesabiwi kwenye krediti hii. Zaka na sadaka unayotoa msikitini haihesabiwi. Mchango wa msiba kwenye kundi la WhatsApp hauhesabiwi, wala hela uliyotuma Bujumbura, Goma au Kigoma kwa ada ya mpwa wako. Yote hayo ni mema, na jimbo la Arizona haliyaoni kwenye fomu hii. Nyumba ya ibada ikiwa na shirika lake la kugawa chakula lililosajiliwa na jimbo, mchango uende kwa shirika hilo, kwa jina lake na namba yake. Kama unataka kujua mchango kwa benki ya chakula unahesabika kuwa zaka, muulize sheikh wako. Hilo si la mtu wa kodi.

Hatua ya 5: Toa hela, na uitoe kwa wakati

Ni fedha tu: taslimu, hundi, kadi. Mwaka wangu wa kwanza huku nilipeleka mifuko sita ya nguo na makoti, nikatunza karatasi niliyopewa nikidhani ni krediti. Nguo, viti, chakula cha kopo na saa zako za kujitolea haviingii kwenye krediti hii hata kama thamani yake ni kubwa.

Kwenye wakati ndiko kuna faida ambayo watu hawaitumii. Mchango uliotolewa kati ya tarehe 1 Januari na 15 Aprili unaweza kuhesabiwa kwenye ritani ya mwaka uliopita au ya mwaka huo, unavyochagua. Maana yake ni kwamba huna haja ya kukisia mwezi wa Desemba. Subiri W-2 zote zifike. Jaza ritani nzima bila kuituma. Angalia kodi ya Arizona iliyobaki baada ya krediti ya watoto. Ni dola 270? Toa 270. Pata risiti, ingiza, tuma. Kwa familia inayoishi mshahara hadi mshahara, njia hii ndiyo ninayoipendekeza kuliko zote, kwa sababu hela inakaa nje ya mfuko wako kwa wiki chache, si kwa miezi.

Usitegemee tarehe 15 Aprili kusogezwa. Ukiomba muda zaidi wa kutuma ritani, muda huo ni wa karatasi, si wa mchango.

Anayetaka kutoa kidogo kidogo anaweza kumuuliza mwajiri kuhusu fomu A-4C, ambayo inampunguzia makato ya jimbo kila mshahara na kupeleka kiasi hicho kwa shirika. Mwajiri halazimiki kukubali, na wengi hawana mpango huo.

Risiti iwe na jina la shirika, tarehe, kiasi na jina lako. Ukitoa kwa intaneti, ingia kwenye tovuti ya shirika lenyewe, si kwenye kiungo ulichotumiwa na mtu usiyemjua. Shirika la kweli halikuombi ulipe kwa kadi za zawadi za dukani.

Hatua ya 6: Jaza fomu

Fomu 321 ni ya mashirika ya kusaidia wenye kipato kidogo. Fomu 352 ni ya malezi ya kambo. Zote zinamiminika kwenye Fomu 301, inayokusanya krediti zako, na jumla yake inaingia kwenye ritani yenyewe, Fomu 140 kwa mkazi wa mwaka mzima. Ukitumia programu ya kompyuta, itakuuliza jina la shirika, namba ya tarakimu tano, tarehe na kiasi; fomu itajijaza. Kuwa makini na mchango wa Januari hadi Aprili: una sehemu yake kwenye fomu, na ukishautumia kwa mwaka uliopita hauruhusiwi kuuingiza tena mwaka unaofuata.

Krediti hii haikulazimu uorodheshe vipunguzo kimoja kimoja. Anayechukua kipunguzo cha kawaida anaipata vilevile. Lakini mchango mmoja haupewi faida mara mbili. Arizona ina nyongeza ndogo ya kipunguzo cha kawaida kwa wanaotoa sadaka, na kiasi ulichodai kama krediti lazima ukitoe kwenye hesabu hiyo. Kwa kodi ya serikali kuu, wale wachache wanaoorodhesha vipunguzo wanatakiwa kupunguza mchango wao kwa kiasi cha krediti ya jimbo, kwa kanuni iliyokamilishwa mwaka 2019.

Kama kalamu inakushinda, nenda kwenye vituo vya VITA, ambako watu wa kujitolea waliofanyiwa mtihani na IRS, mamlaka ya kodi ya serikali kuu, hujaza ritani bure kwa wenye kipato cha kawaida. Peleka risiti na ile namba. Ukimlipa mtu akujazie, hakikisha anaweka sahihi yake na namba yake ya PTIN, ile ambayo IRS humpa anayejazia watu ritani kwa malipo. Na akikuambia, "Nitakuwekea mchango wa dola mia nne ili upate zaidi," ondoka hapo na karatasi zako. Hukutoa, na jina lililo chini ya ritani ni lako. Idara ikiuliza risiti miaka miwili baadaye, yeye hatapokea simu, na wewe utalipa kodi, riba na faini.

Hatua ya 7: Tunza karatasi, hasa kama una salio

Huna haja ya kuambatisha risiti, lakini zitunze. Kwa kawaida Arizona ina miaka minne ya kurudi na kuuliza. Mimi naweka zangu kwenye bahasha moja kwa kila mwaka, pamoja na nakala ya ritani, na picha yake kwenye simu.

Kama ulitoa zaidi ya kodi uliyodaiwa, salio limeandikwa kwenye fomu za mwaka huo. Mtu mpya atakayekujazia mwakani hawezi kulijua usipomwonyesha, na miaka mitano ikipita linakufa. Nimewahi kumkuta mzee aliyekuwa na salio la miaka mitatu ambalo hakuna aliyelibeba mbele, kwa sababu kila mwaka alijaziwa na mtu tofauti na alikuwa akienda na W-2 peke yake. Tulifungua bahasha zake za zamani, tukalikuta kwenye Fomu 301, na mwaka huo alimaliza bila kudaiwa kodi ya jimbo. Kwa hiyo ukienda kujaza, beba na ritani ya mwaka jana.